Vishikio

Saa nane usiku, umeme umekwisha kukatika mara mbili,
Nyafwono akaingia na mtoto mgongoni.
Bodaboda kutoka Osukuru, vumbi la saruji
bado limekaa kwenye nyusi zake.
Degedege mbili njiani. Ya tatu mlangoni.
Jina: Athieno. Umri: miaka mitatu na nusu.

Nikamtoboa kidole. Hakulia.
Fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Nikapaka damu kwenye kioo, nikaitia rangi,
nikangoja dakika kumi zisizokwisha,
nikainamia hadubini:
pete za samawati, kila moja na kito chekundu,
moja hapa, moja kule,
kama watu wa soko linalofungwa.
Vimelea vichache.
Mbona basi mtoto hajui jina lake?

Mwalimu wetu kule Mbale alikuwa akigonga meza:
msihesabu waliopo tu,
ulizeni wakubwa wako wapi.
Maana hawa wa kwenye kioo ni wachanga.
Waliokomaa hawatembei tena na damu.
Wamejishika.

Ndani kabisa, kwenye vichochoro vya ubongo,
vyembamba hata chembe nyekundu hupita imejikunja,
mwili umeweka vishikio ukutani.
Vitabu huviita kwa herufi nne na tarakimu moja.
Mimi naviita viganja.
Viliwekwa kwa ajili ya askari weupe:
akipita mbio, kiganja humdaka mkanda,
simama, kuna jeraha hapa, ingia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nani alimfundisha kimelea salamu ile?
Amejificha ndani ya chembe nyekundu,
ameiotesha vinundu juu ya ngozi,
na kila kinundu kimechongwa
kwa kipimo cha kiganja.
Kiganja hakina macho. Hushika kinachoshikika.
Na mwili, ukihisi hatari, hupiga yowe la homa,
na kwa kila yowe
ukuta huchipua viganja zaidi.

Hapo ndipo huwa nashindwa kuendelea:
kwamba alikuwa akijiokoa.
Kwamba ukarimu wenyewe ndio uliofunga njia,
chembe nyuma ya chembe,
kama malori ya Malaba wiki ile mpaka ulipofungwa,
na mbele ya foleni, ubongo
unangoja hewa iliyomo ndani ya mizigo.

Niliandika "vichache". Nikakata.
Nikaandika tena "vichache",
maana karatasi hutaka kilichoonekana,
kisha nikakimbia nayo wodini mwenyewe
nikamwambia Sista Asekenye: usiiamini namba hii.
Alikuwa ameshachanganya artesuneti,
sindano iko juu, anaitoa mapovu.
Hakugeuza kichwa.
"Nani alikuambia mimi huamini namba?"

Siku ya pili mtoto alifumbua macho.
Siku ya nne aliomba uji, akaukataa.
Nami nilikuwa na vioo themanini mezani;
mvua zilikuwa zimeanza.

Juzi, sokoni, upande wa mukene,
sauti ikaniita, "Wewe wa damu!"
Nyafwono, anabishania shilingi mia tano.
Na Athieno pembeni, gauni la njano, anatafuna muwa,
ana maneno mengi sasa,
mawili kati yake matusi ya kaka yake.
Nikamnyooshea mkono. Akanipa wa kulia.
Nikaomba na wa kushoto, kama mchezo.
Ukaja polepole, ukatua kiganjani mwangu
kama kitu alichopewa ambebee mwenzake.
Haukushika.

Mama yake alikuwa anahesabu chenji.
Nikaushika mimi.